Hoteli ya Barafu: Nani Alimfunga Kidevu?

Haya msomaji, kisu bado kiko hewani. Wiki nzima Bi Radhiya amekishika juu ya kichwa cha Mzungu na mkono wake haujachoka. Tuliochoka ni sisi tuliokuwa tukingoja.

Aliyelipata gazeti leo kwa mara ya kwanza nitamweleza kwa ufupi, kisha asinisumbue tena. Bwana Jamaludin, mwenye hoteli ya wawindaji pale Mkomani, mjini Amu, aliuawa kwa kisu usiku wa kuamkia Jumatatu akiwa amelala na homa yake sabuleni, chumba cha kupokelea wageni. Kisu chenye damu kilikutwa chini ya godoro la mgeni mmoja, Mzungu mwindaji wa ndovu, yule anayeitwa Bwana Kopo kwa kuwa hanywi kitu ila kwa kopo lake la bati. Isitoshe, alfajiri ile alionekana akitoka sabuleni kwa kunyatia, akafunga mlango taratibu, akaenda zake kunywa chai. Serikali ikamnyang'anya bunduki na kumwambia asitoke hotelini mpaka shauri litazamwe. Leo ni Ijumaa. Bwana Disii, mkuu wa wilaya, yuko safarini Kipini na askari wake, swala imekwisha, na watu wametoka msikitini mashoka mabegani.

Mzungu akakimbilia juu. Akapasua pazia, akaangukia chumba cha ndani kabisa alimokuwa mjane, Bi Radhiya, edani. Bi Radhiya akashika kisu cha jikoni. Hapo ndipo tulipoachana.

Kisu kikashuka.

Hakikumpata kifuani. Bwana Kopo alitupa mkono mbele, na makali yakamchana toka kiwiko hata kiganja. Damu iliruka ukutani, ikarukia mkeka, ikarukia na nguo za eda.

"Kufa!" Bi Radhiya alisema kwa meno yaliyofungana. "Kufa, mwanaharamu wee! Mume wangu alikulaza kwenye godoro la sufi, akakuagizia barafu Mombasa kwa meli, nawe ukamlipa kwa kumchinja kitandani?"

Akainua tena. Safari hii Mzungu hakujikinga. Alipiga magoti, mkono umening'inia, damu inamwagika kama maji ya mtungi uliotoboka.

"Kata, Bibi. Lakini mimi hapana ua Jamali. Mimi napenda yeye."

Lo! Afadhali angenyamaza. Bi Radhiya alimpiga teke la mdomo, Mzungu akaenda chali, jino likaruka hadi chini ya kitanda. Akamkalia kifuani, kisu shingoni, na kama si Bi Mwanamkisi, mlezi wake aliyemlea tangu utoto, hadithi yetu ingekwisha leo hii.

"Mwanangu, wacha!" Bi Mwanamkisi alimning'inia mkononi kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao. "Watu wote hao wamekuja kumuua. Waate wamuue wao. Ya nini weye kujitia damu na u katika eda?"

Neno la mtu mzima. Bi Radhiya akalegeza mkono.

Huko chini hoteli ilikuwa ikifa kifo chake. Msomaji, wewe uliyesoma tangu mwanzo unajua Jamaludin aliipamba vipi nyumba ile: vitanda vya chuma vyenye vyandarua vyeupe, santuri, meza za marumaru, na lile bafu la shaba ambamo wawindaji walijilaza wakitoka bara kupiga nyati, wakajimwagia maji ya moto na kuimba. Sasa bafu lilikuwa linaburutwa ngazini na kupigwa mashoka. Chupa za wiski zilipasuliwa moja moja, na kila ikipasuka watu wanaitikia "Allahu akbar!" Sanduku la barafu lilipinduliwa uani, na mtu mzima na ndevu zake akaikanyaga kwa miguu mitupu, akaruka akipiga kelele kwamba ameumwa na nge. Wenziwe walicheka. Halafu wakaendelea kuvunja.

Kwenye ngazi ya juu alisimama mtu mmoja tu, Athman, msimamizi wa hoteli, mtu wa Ndau, rungu mkononi.

"Nyumba hii ina mwanamke na msiba," alisema. "Rudini."

"Ondoka, kuli wa makafiri!"

"Sindoki."

Wa kwanza kupanda alivunjwa taya. Wa pili alivunjwa mkono, akabingirika na kuwaangukia wenzake. Kwa muda mfupi Bi Radhiya, aliyekuwa akisikia yote kupitia mlango, aliamini Athman peke yake angewaweza. Kisha shoka likasikika, na si kwa mbao wala kwa shaba.

"Bi Radhiya!" Athman aliita, na sauti yake ilikuwa imejaa maji. "Bi Radhiya, funga mlango!"

Shoka likarudia. Athman hakuita tena.

Bi Mwanamkisi alisukuma mlango na kutia komeo, machozi yanamtiririka. Bi Radhiya alikaa pale pale kwenye mkeka, amejishika kichwa. Wiki moja, mume na msimamizi wake. Alihisi chuki mpaka kifua kikamuuma, na chuki yote ilimwelekea huyu mtu mwekundu aliyekuwa akitema damu mbele yake.

"Umesikia?" alimwuliza. "Huyo naye kafa kwa ajili yako. Haya, sema kabla hawajafika. Jumatatu uliingia sabuleni ukamwona mume wangu kafa. Mbona hukupiga kelele? Mtu mwema hunyamaza akiona maiti?"

"Mimi nafikiri watu wa nyumba najua tayari."

"Wangejuaje?"

Bwana Kopo alijishika kidevu kwa mkono mzima. "Kitambaa hapa. Zunguka, funga juu ya kichwa. Macho, funga. Shuka juu, mpaka kifua. Mguu, kidole kubwa na kidole kubwa, funga kamba pamoja. Mimi nasema, ah, homa naua Jamali, na watu yake nafanya kazi ya dini. Mimi mkafiri. Hapana faa kaa pale. Mimi toka polepole."

Bi Radhiya alitaka kumtukana, akakumbuka. Kwani ni kweli. Alipofika sabuleni asubuhi ile, mumewe alikuwa amefungwa kidevu, amefumbwa macho, amefungwa vidole gumba vya miguu, kama anavyofanyiwa Mwislamu na jamaa zake roho inapotoka. Ni baada ya kufunua shuka ndipo wakaliona jeraha.

Akamgeukia mlezi wake. "Bi Mwanamkisi, asubuhi ile weye ndiwe uliyetangulia. Ulipomfunga kidevu hukuiona damu?"

Bi Mwanamkisi alimkodolea macho. "Mimi? Mimi simfungile, mwanangu. Nalimkuta kafungwa. Nalidhani ni Athman."

"Athman yuwalele kwao Ndau. Kaja mchana, maiti kesha koshwa."

"Basi nani?"

"Mimi nalidhani ni weye!"

Wakatazamana. Siku zote hizo, katika nyumba nzima, kila mtu alidhani mwenziwe ndiye aliyemtendea maiti haki yake, na nani angeuliza? Mtu haulizi nani kampa maiti haki yake, kama asivyouliza nani kaitikia salamu.

Bi Radhiya alitaka hakika moja zaidi. Kitanda cha Jamaludin asubuhi ile kilikuwa kimevutwa kutoka ukutani, na maiti ameelekezwa kibla barabara.

"We Mzungu. Sisi tukiswali hapa Amu, twaelekea wapi? Nionyesha."

Bwana Kopo alifikiri, kisha akanyoosha kidole kule jua linakochomoza, kama wafanyavyo makanisani kwao. Pale kibla ni kaskazini, na mtoto wa chuoni anajua. Mtu huyu amekula na kulala katika nyumba ya Kiislamu miezi mingapi, na hajui wenyeji wake wanasujudu upande gani!

"Si yeye," Bi Radhiya alisema. "Yarabi, si yeye. Aliyemuua Jamali ni mwenzetu. Kamuua, kisha kamtendea haki yake. Hakuweza kumwata vile."

Mlango ukapigwa ukatetemeka.

"Toa Mzungu nde!" watu walipiga kelele. "Toa, au twavunda!"

Shoka la kwanza likazama kwenye ubao. La pili likatoa kipande. Jicho la mtu likachungulia kwenye ufa, na hapo ikasikika sauti iliyozoea kutiiwa. Alikuwa Mwalimu Fadhil, anayesomesha watoto na kuosha maiti wa mtaa.

"Simamani! Simamani, enyi msio haya! Humu mna mjane wa eda. Mwanamume atakayepita mlango huu na si maharimu yake wa damu, Wallahi akifa simwoshi wala simswalii!"

Watu waliokwisha kumkata Athman vipande kwenye ngazi, damu yake haijakauka miguuni mwao, walirudi nyuma na kuinamisha macho, eti wasije wakamwona mwanamke.

"Na Mzungu yumo mle naye!" mmoja alinung'unika. "Yeye ni maharimu?"

"Dhambi yake si ruhusa yako," alijibu Mwalimu Fadhil. "Mtafuteni maharimu yake aingie yeye."

"Nduguye! Abdulhalim yuko wapi? Mpisheni Abdulhalim!"

Bi Radhiya aliposikia jina hilo alipumua kwa mara ya kwanza tangu swala. Abdulhalim! Kaka yake tumbo moja, aliyevuka kutoka shambani kwake Mbwajumali siku ya maziko, akalia kaburini mpaka akashikwa na watu wawili. Kaka yake atamsikiliza. Atatoka awaambie watu ukweli, na mtu mmoja angalau atapona leo.

Ila alimjua kwa hasira zake, na hakutaka akate kwanza kisha aulize. Wakamkokota Mzungu nyuma ya kitanda kikubwa, wakamsukumia kwenye nyumba ya kati, kile kijichumba ambamo wafu wa ukoo wao wote waliogeshewa. Alikuwa ameshapauka. Kichwa kiligonga ukuta.

Bi Mwanamkisi akafungua.

Abdulhalim aliingia na shoka. Kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Bi Radhiya hakutaka kujiuliza ni damu ya nani.

"Bi Mwanamkisi, toka nde ukae na watu. Haya ni ya mimi na dadangu."

Mlezi akatoka. Abdulhalim akaurudisha mlango, akatia komeo, na kipande cha pazia akakiziba kwenye ule ufa.

"Yuko wapi?"

"Kaka, ngoja kwanza. Si yeye."

"Radhiya, yuko wapi?"

"Nisikiliza kwanza, kwa haki ya mama!" Alimshika kanzu kwa mikono miwili, akanong'ona kwa haraka wasije watu wa nje wakazua fujo. "Aliyemuua Jamali ni Mwislamu. Alimfunga kidevu. Alimfunga na vidole, akamfumba mato, akageuza na kitanda kumwelekeza kibla. Sisi sote twalidhani ni mwenzetu wa nyumbani. Mzungu kibla hakijui! Nimemwuliza, kaonyesha matlai ya jua. Toka uwaambie, kaka. Muuaji yumo katika hao hao walio nde."

Abdulhalim hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha dada yake. Aliweka shoka chini taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

"Nani mwengine ajuaye?"

"Mimi na Bi Mwanamkisi."

"Bi Mwanamkisi ni mkongwe," alisema, kama anayejipigia hesabu peke yake. Kisha akajifuta uso. "Ningemwataje, Radhiya? Mato yalikuwa wazi yakinitazama."

Msomaji, kuna neno ambalo sikio hulisikia na moyo ukakataa kulipokea. Bi Radhiya alibaki na kanzu ya kaka yake mkononi, akangoja aseme jingine la kulifuta lile.

"Weye?"

"Sikuja kumuua. Haki ya Mungu sikuja kumuua. Nalivuka yana yake jioni nije nimwombe afunge hoteli. Nikamwambia, hii ni nyumba ya babu zangu. Baba alikupa weye, mwanamke hupewa nyumba, sawa, ndiyo ada yetu. Mimi kaniatia shamba. Watumwa wakaachiwa huru na serikali, shamba likawa pori, nalima kwa mikono yangu kama Mgunya wa mwisho. Nikanyamaza. Lakini mama yangu kafa katika sabule ile, na leo Wazungu wajitia uchi mle mle na bafu lao, na mbwa wao wapanda zitanda! Jamali akateka, meno yote nde. Yuwa na homa, katoka jasho, na akateka. Kaniambia, ukitaka kazi, ndoo hapa nikutie jikoni."

Sauti ilimvunjika.

"Kisu cha Mzungu kilikuwa mezani. Sijui nalikishikaje. Nikamziba kinywa. Alipotulia nikamwona ni Jamali, Jamali niliyecheza naye utotoni, kinywa wazi na mato wazi. Nikalia. Nikamtendea haki yake. Ndipo nikakumbuka kisu, nikakipeleka chini ya godoro la mwenyewe, naye kalala fofofo."

Bi Radhiya alimpiga kofi. Kisha la pili, kisha ngumi, akampiga usoni na kifuani bila kuchagua, na Abdulhalim alipokea yote bila kuinua mkono. Pua ikamvuja damu.

"Athman je?" Radhiya alifoka. "Athman naye alikuteka?"

"Athman alizuia ndia."

Hapo akasimama, na alikuwa mtu mwengine. Huzuni ilikuwa imemtoka, amebaki mtu mwenye kazi ya kumaliza.

"Sikiliza sasa, dadangu. Yaliyokuwa yamekuwa. Nionyesha Mzungu alipo. Atakufa, na hoteli itakufa naye, na hakuna mtu katika mui huu wa Amu atakayeuliza tena. Weye utamaliza eda yako kwa heshima, nyumba ni yako, na mimi nitakutunza. Sina mwengine duniani ila weye. Nawe huna mwengine ila mimi."

Na ilikuwa kweli. Alikuwa hana mwengine. Bi Radhiya alimtazama yule aliyemfundisha kusoma juzuu, aliyempeleka kwa mumewe siku ya harusi, na moyo ulimuuma kwa mapenzi na kwa karaha pamoja. Neno moja tu, kidole kimoja kuelekea nyuma ya kitanda, na maisha yake yote yangemrudia isipokuwa Jamali.

"Mzungu hana kosa," akasema. "Na Jamali hakuwa na kosa la kufa. Siwezi, kaka. Nitatoka niwaambie."

"Wanaume wakuone huna stara, nawe u katika eda?"

"Na wanione."

Kisu chake kilikuwa kwenye mkeka. Alikirukia. Abdulhalim akakitangulia kwa mguu, vidole vya dada yake vikavunjika chini ya kisigino, na kabla hajapiga yowe mkono mkubwa ulikuwa umemziba mdomo. Alimng'ata. Aling'ata mpaka akasikia mfupa, na damu ya tumbo moja ikamjaa kinywani. Kaka yake hakuachia. Alimlaza chini, goti kifuani, akavuta mto kutoka kitandani.

Nyuma ya kitanda kitu kizito kilianguka sakafuni na hakikuinuka. Mzungu alikuwa amezimia.

Abdulhalim aligeuza uso kuelekea mlangoni. Machozi yalikuwa yakimtoka, machozi ya kweli, na aliponyanyua sauti ilitetemeka kweli.

"Enyi Waislamu! Nimechelewa! Mzungu kesha muua dadangu!"

Bi Mwanamkisi alipiga ukelele uliosikika hata sokoni. Mlango ukasukumwa kwa mabega. "Tufungulie! Tufungulie tumkate!"

"Msingie!" alilia Abdulhalim, na mto akaukandamiza. "Kwa haki ya Mtume msingie! Yu wazi, hana stara! Niateni nimsitiri kwanza!"

Wakaacha kusukuma. Hapana hata mmoja aliyegusa tena mlango, kwani walikuwa watu wa adabu.

Bi Radhiya alikuwa akitapatapa chini ya goti, akipiga sakafu kwa visigino, na kila kisigino kikigonga watu wa nje walidhani ni nduguye anayejipiga kwa uchungu. Aliwasikia wakiketi chini kwenye ujia. Alimsikia Mwalimu Fadhil akianza, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha akimwombea maghufira kwa jina lake na jina la babake. Mtaa mzima uliomjua tangu kuzaliwa ukaitikia amin, kwa sauti moja, hatua tatu kutoka pale alipokuwa yu hai.